Ufunguo wa Pili wa Lameck

Kufuli lilikuwa zima. Hilo ndilo lililomrudisha Inspekta Hilda Ndahani kwenye kituo cha umeme cha Nghwaya asubuhi ya siku ya mazishi ya mzamiaji Lameck, ingawa mtuhumiwa alikuwa tayari mahabusu na wakubwa wake walikuwa wakimwuliza kwa nini faili halijafungwa.

Alisimama mbele ya ubao wa swichi katika ukumbi wa mitambo wa Awamu ya Pili, kufuli jekundu likiwa kiganjani mwake. Liliandikwa kwa rangi nyeupe: LAMECK. Halikuwa na alama ya msumeno wala ya nyundo. Lilifunguliwa kwa ufunguo, likabanwa tena, likatundikwa kwenye msumari wake kama siku zote.

"Nieleze upya," alimwambia Denis, meneja wa kituo. "Nieleze kama mtu asiyejua lolote."

Denis alivua kofia yake ngumu, akaikumbatia kifuani. Nyuma yake mtambo ulikuwa umesimama, na ukimya wa ukumbi ule mkubwa uliwafanya wote wawili waongee taratibu.

"Maji ya bwawa yanapita kwanza Awamu ya Kwanza, pale chini ya tuta. Yakitoka pale yanatulia kwenye bwawa dogo, halafu yanaingia handakini na kutokea huku kwetu, ng'ambo ya kilima. Yakimaliza kazi hapa yataenda Awamu ya Tatu, ambayo mafundi bado wanaijenga. Sasa, mdomoni mwa handaki kuna chujio la nondo nene, la kuzuia magogo na mawe yasije yakaharibu mtambo. Chujio hilo hukaguliwa na mzamiaji. Akiwa chini, mtambo lazima uwe umesimama. Ukizunguka, maji yanavutwa handakini kwa nguvu ambayo mtu hashindani nayo."

"Na kufuli?"

"Kabla ya kushuka, mzamiaji anakuja hapa mwenyewe. Anaifunga swichi ya kuwashia kwa kufuli lake, ufunguo anaondoka nao. Kufuli likiwepo, hata mimi siwezi kuwasha."

"Lameck aliuvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Tumemkuta nao."

"Ndiyo, afande. Kwa hiyo umetumika ufunguo wa pili. Funguo za pili zinakaa kwenye kasiki la chumba cha udhibiti. Wa Lameck haumo. Na siku ile mwenye zamu chumbani alikuwa Anyitike peke yake." Alishusha pumzi. "Mimi sifurahii kusema hivi. Ni fundi mzuri. Lakini Makao Makuu walikuwa wanampigia simu wanataka umeme, na yeye na Lameck walikuwa wamegombana watu wakisikia."

Maelezo hayo Hilda alikuwa nayo tayari. Kwa maelezo hayo, na kwa neno la Cornel, aliyekuwa na Lameck bwawani siku ile, alikuwa amemweka Anyitike ndani.

"Kufuli hili linaonekana jipya," alisema.

"Jipya. La zamani lilishika kutu, akapewa hili juzi juzi."

"Ufunguo wa pili wa hili jipya, nani aliuweka kwenye kasiki?"

"Alitakiwa kuuweka Lameck mwenyewe."

"Sikuuliza nani alitakiwa."

Denis aliangalia kufuli, kisha akaangalia mlango wa chumba cha udhibiti.

"Sijui kama aliuweka," alisema mwishowe.

"Kwa hiyo hatujui kama Anyitike aliwahi kuwa na ufunguo huo."

Hilda alilirudisha kufuli kwenye bahasha yake, akatoka. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuunguza majani makavu ya kilimani. Koplo Daudi, aliyekuwa anaendesha gari, alikuwa amesimama getini akipiga soga na mlinzi, mzee wa Kigogo aliyevaa koti zito bila kujali joto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado mnahangaika na habari ya Lameck?"

"Bado. Siku ile ulikuwepo hapa?"

"Mimi nipo hapa siku zote. Waliingia na Cornel kwa gari moja, wakaenda ukumbini, wakatoka wakapanda huko bwawani. Halafu Cornel akarudi."

Hilda alikuwa ameshika mlango wa gari. Aliuacha.

"Akarudi na Lameck?"

"Peke yake. Lameck alimwacha juu anavaa lile vazi lake la mpira. Akaniambia, mzee, nimesahau glavu ukumbini. Akaingia, hakukawia, akatoka. Nikamfungulia."

"Alikuwa nazo hizo glavu alipotoka?"

"Alizivaa kabisa, mwanangu. Alinipungia mkono nazo."

Ndani ya gari Hilda alifunua kurasa za daftari lake mpaka walipolipita daraja la mfereji. Alikuwa akikumbuka maelezo ya Cornel. Kazi ya Cornel siku ile ilikuwa kushika kamba. Mzamiaji hufungwa kamba kiunoni, na mwenzake aliyebaki juu huishika ncha ya pili mkononi bila kuifunga popote, ili aliye chini akivuta, aliye juu ahisi anachotaka. Cornel alikuwa ameeleza, machozi yakimtoka, kwamba maji yalipoanza kuvuta aling'ang'ania kamba kwa mikono mitupu mpaka ikamshinda. Hilda alimwuliza kwa nini mikono mitupu. Cornel alijibu: "Siku ile sikuwa na glavu, afande. Ningekuwa nazo labda ningemwokoa."

"Daudi," alisema, "tupitie kituo cha polisi kwanza. Nataka kumwona Anyitike."

* * *

Anyitike alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, bado amevaa shati la kazi lenye nembo ya kituo cha umeme mfukoni. Hakusimama Hilda alipoingia.

"Umekuja kuniuliza yale yale, afande?"

"Nimekuja kuuliza mengine. Siku ile kabla hujawasha, ulifanya nini?"

"Nilishasema. Cornel aliniita kwenye redio ya upepo. Akasema, mzamiaji yuko nje, bwawa salama. Sikuridhika na redio peke yake. Nilishuka ngazi mpaka ukumbini kuangalia kufuli kwa macho yangu. Swichi ilikuwa wazi, kufuli limetundikwa. Nikarudi, nikawasha. Cornel anasema hakuniita. Basi. Yeye ni mzee wa kanisa, mimi ni mwanamke wa kutoka Tukuyu nisiye na ndugu hapa. Ukamwamini yeye."

Hilda alikaa kwenye ncha ya benchi.

"Mligombania nini na Lameck?"

"Mtambo. Tulipoufungua mara ya mwisho tulikuta mapanga yake yamemomonyolewa kama yametafunwa. Lameck akasema vyuma na mawe vinapita, chujio lina tundu. Mimi nikamwambia haiwezekani, chujio limekaguliwa mpaka chini, tume ya uchunguzi imekaa, watu wameapa. Akanijia juu. Akasema ninyi mnaamini maneno, mimi nitashuka mpaka kwenye tope nizishike hizo nondo."

"Nani alikuwa ameapa?"

Anyitike alimtazama kama mtu anayeshangaa swali lenyewe. "Cornel. Kabla Lameck hajaachiwa kushuka, mzamiaji alikuwa Cornel. Miaka yote hiyo ni yeye aliyesema nondo za chini ni nzima." Sauti yake ikapungua. "Na ndiye aliyemfundisha Lameck."

Hilda alisimama.

"Nitarudi," alisema.

"Uliniambia hivyo hivyo juzi, afande."

* * *

Nyumbani kwa marehemu, Miyuji, turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo za jirani. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki wakiongea kwa sauti za chini. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanasonga ugali kwenye masufuria makubwa, na kwaya ya kanisa ilikuwa inaimba wimbo wa taratibu. Jeneza lilikuwa bado halijafika kutoka hospitali.

Mtu wa kwanza kumlaki Hilda alikuwa Cornel. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi mkononi, na kwa namna watu walivyomfuata kumwuliza hili na lile, ilionekana wazi kwamba msiba ule uliendeshwa na yeye. Alishika jagi la maji na beseni.

"Karibu, afande. Asante kwa kuja. Nawa mikono, upate chakula kidogo."

Hilda alinyoosha mikono. Cornel alimmiminia maji polepole, kwa adabu, jagi likiwa katika mkono wa kulia na beseni katika wa kushoto. Alipoviweka chini na kukunjua viganja kuchukua taulo, Hilda aliitazama ile mikono kuanzia kwenye vidole hadi kiganjani. Ilikuwa mikubwa, ngozi ngumu ya kazi. Hapakuwa na mchubuko, wala kovu bichi, wala alama ya kamba.

"Pole sana, Cornel," alisema.

"Ndiyo hivyo. Mungu ametoa, Mungu ametwaa." Alimpa taulo. "Yule dada ameshakiri?"

"Bado."

"Atakiri. Nafsi itamsuta."

Hilda aliingia ndani. Gladness, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, amejitanda kanga, wanawake wawili wazee wakiwa ubavuni pake. Hilda aliwasalimia shikamoo, akampa mjane pole, kisha akaomba waongee wawili. Wazee waliinuka wakaenda chumba cha pili.

"Dada Gladness, swali langu ni dogo, na naomba unisamehe kwa kuuliza leo. Lameck alipewa kufuli jipya kazini. Alikuwa na funguo mbili. Mmoja tumeukuta kwake. Wa pili aliuweka wapi?"

"Hapa," alisema Gladness bila kusita. "Alinipa mimi. Alisema kwenye lile kasiki la kazini kila mtu anatia mkono, na ule ufunguo ni uhai wake. Akaniambia, mke wangu, utunze."

"Naweza kuuona?"

"Haupo tena. Cornel alikuja kuuchukua, jioni ya kuamkia siku ile. Lameck alikuwa mazoezi ya kwaya. Akasema Lameck ameupoteza wake, kesho wana kazi, amemtuma." Alikuwa anaongea kama anayeeleza jambo la kawaida. "Nilimwandalia chai, akanywa. Nikaenda chumbani nikamletea."

"Lameck aliporudi ulimwambia?"

"Nilikuwa nimelala na mtoto. Asubuhi aliondoka mapema." Macho yake yalihama kutoka usoni kwa Hilda hadi shingoni, mahali ambapo mumewe alikuwa akiuvaa ule uzi. "Lakini umesema mmemkuta nao wake. Kwa hiyo hakuupoteza."

"Hakuupoteza."

Gladness aliweka kiganja mdomoni. Nje kwaya ilikuwa imeanza ubeti mwingine.

"Kaa hapa kidogo," Hilda alimwambia. "Usimwambie mtu. Nitakurudia mimi mwenyewe."

* * *

Alimwita Cornel nyuma ya nyumba ya jirani, penye matangi ya maji, kwa kisingizio cha kuuliza gari la kubebea jeneza. Koplo Daudi alikuwa tayari amesimama upande wa pili wa ukuta.

"Zile glavu uliziweka wapi?" Hilda aliuliza.

"Glavu zipi, afande?"

"Ulizorudi kuzichukua ukumbini. Mlinzi alikuona unatoka umezivaa. Mimi uliniambia siku ile hukuwa nazo."

"Yule mzee anachanganya siku."

"Inawezekana. Nionyeshe mikono."

Cornel hakuinyoosha. Aliikunja.

"Kamba yenye mtu upande wa pili, maji ya handaki yanamvuta, na wewe umeishika kwa mikono mitupu mpaka ikakushinda," Hilda alisema. "Hiyo kamba ingekuchuna mpaka kwenye nyama. Umeninawisha sasa hivi. Huna hata mkwaruzo. Ulikuwa na glavu, na hukurudi ukumbini kwa ajili yake. Ulirudi kufungua kufuli."

"Kwa ufunguo upi? Lameck aliondoka na ufunguo wake."

"Kwa ule aliokupa Gladness. Pamoja na chai."

Cornel alilitazama dirisha la sebule ya marehemu. Alilitazama muda mrefu, kisha akakaa juu ya tofali, taratibu.

"Amekwambia?"

"Alidhani ananiambia kitu kidogo tu."

Cornel alipangusa viganja kwenye suruali yake.

"Niliwahi kukwama kule chini," Cornel alisema. "Tope lilinifukia miguu, giza totoro, hewa inakwisha. Nikatoka kwa rehema za Mungu. Tangu siku ile nikifika katikati mwili unakataa. Nikawa naganda pale pale kwenye maji, muda ukipita napanda juu, nasema nondo ni nzima. Mwanzo nilijiambia ni kwa mara moja tu."

"Mpaka mtambo ukaharibika."

"Tume ikanipa Biblia. Nikasema nimezishika kwa mikono yangu. Ningesema nini? Wote hawa uzamiaji wamejifunza kwangu. Awamu ya Tatu ikifunguliwa mimi ndiye ningekuwa mkuu wao."

"Na Lameck akataka kushuka."

"Alikuja kuniambia kwanza." Alipangusa viganja tena. "Alikuja nyumbani. Akasema, kaka, ninahisi hukufika kule chini, sikulaumu. Nikikuta tundu sitalitaja mimi. Nitakuachia ulitaje wewe, useme umeligundua."

Hilda aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Alikuwa anakusitiri."

"Sikumwamini. Nilijiambia, leo anasema hivi, kesho akiulizwa atasema."

"Siku ile alipokuwa chini, mtambo ulipoanza kuzunguka, alikupa ishara?"

Cornel aligeukia matangi ya maji.

"Kamba ilikuwa mkononi mwako."

"Alivuta."

"Kuvuta maana yake nini?"

"Nipandishe."

"Ukafanya nini?"

"Niliishika tu." Alikuwa akiongea na ardhi sasa. "Alivuta tena na tena. Kwa nguvu, halafu polepole. Ilipotulia ndipo nilipopiga kelele kwenye redio wasimamishe. Mwili ukatolewa juu una tope mpaka kifuani. Alikuwa amefika chini kabisa, afande. Alikuwa ameliona tundu."

Koplo Daudi alikuja na pingu. Cornel mwenyewe alinyoosha mikono, kisha akairudisha.

"Nakuomba usinipitishe mbele ya watu. Nipitishe uani."

"Zunguka naye nyuma," Hilda alimwambia Daudi. "Na uwapigie kituoni sasa hivi. Anyitike aachiwe, apewe gari la kumpeleka kwake. Asiambiwe chochote na mtu mwingine. Nitakwenda kumwomba radhi mimi mwenyewe, na akitaka kunifungia mlango, ni haki yake."

* * *

Gladness alikuwa pale pale alipomwacha. Hakuwa analia. Hilda alikaa mkekani, akamweleza yote kwa mpangilio: tope la chini, kiapo, ile ziara ya Lameck nyumbani kwa Cornel, kurudi ukumbini. Hakuficha kitu, kwa sababu alijua mahakamani angeyasikia mbele ya watu wengi. Alipofika kwenye ufunguo, Gladness alimzuia kwa mkono.

"Nilimpa mimi."

"Ulimpa mtu aliyesimamia ndoa yenu. Angekuja nani mwingine ungemnyima."

"Kila siku tangu msiba uanze analala hapa mlangoni. Mtoto analia usiku, ananyamazishwa na yeye." Alikuwa anaikunja na kuikunjua ncha ya kanga. "Jana ameniuliza kama nina kitu cha kula kesho. Afande, alikuwa ananiangalia usoni."

Honi ya gari ilisikika barabarani. Watu uani walianza kuinuka, viti vikiburuzwa. Jeneza lilikuwa limefika.

"Niambie kitu kimoja tu," Gladness alisema. "Lameck alijua? Kule chini, alijua ni Cornel aliyemfanyia hivyo?"

"Hakujua."

"Unanifariji."

"Sikufariji. Alivuta kamba mpaka nguvu zikamwisha. Mtu anayejua kwamba aliyeshika ncha ya pili ni adui yake angeikata apambane na maji mwenyewe. Kisu kilikuwa kiunoni kwake, hakukigusa. Mpaka mwisho alikuwa anamwita Cornel amsaidie."

Gladness aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka mlango ukagongwa na mzee mmoja wa ukoo akachungulia, kofia mkononi.

"Mama, mchungaji anauliza tuanze. Halafu Cornel hatumwoni. Yeye ndiye tuliyempanga kubeba mbele, upande wa kichwa."

Mjane alishika ukuta akasimama. Hilda alitaka kumshika mkono, lakini hakuhitaji. Alijitanda kanga vizuri, akafuta uso kwa ncha yake.

"Cornel habebi," alisema. "Tafuteni mwingine, baba. Mkikosa, upande huo nitabeba mimi."